Foleni ya kivuko imeisha, wateja utawashikaje? Somo la mchezo kwenye grupu la biashara

 

Leo zamu ya somo ni yangu. Mimi nauza dagaa wa kukaanga na sato wakavu hapa Kigongo, wilaya ya Misungwi. Swali ninaloulizwa sana na wenzangu ni hili: "Dada, grupu langu la wateja limekufa. Nikiweka bidhaa watu wanaona halafu wanakaa kimya. Nifanyeje?"

Nitakujibu kwa yaliyonipata mimi mwenyewe, pamoja na makosa yangu. Soma taratibu, chukua kalamu. Somo ni refu kidogo ila halihitaji mtaji. Linahitaji daftari, bando na uvumilivu.

FOLENI ILIKUWA INANISHIKIA WATEJA

Kwa miaka mingi biashara yangu ilikuwa kwenye foleni ya kivuko. Magari ya kutoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita yanapanga mstari, abiria wanashuka kunyoosha miguu, wanasubiri. Kuna siku mtu anasubiri saa nzima, kuna siku zaidi ya hapo. Mtu aliyekaa juani saa nzima atanunua tu. Kama si dagaa ni karanga, kama si karanga ni maji.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, kutoka hapa Kigongo mpaka Busisi. Gari sasa linavuka kwa dakika chache. Tulishangilia, na sisemi kwa unafiki. Nani hapa kwetu asiyemjua mtu aliyewahi kukaa na mgonjwa usiku akisubiri kivuko?

Lakini mwenzenu beseni langu wiki ile lilirudi nyumbani karibu limejaa siku nne mfululizo. Basi linapita, konda ananijua, ananipungia mkono dirishani, basi linakwenda. Mimi nabaki na mkono hewani. Na Julai shule zinafunguliwa, binti yangu yuko bweni, anahitaji sabuni, madaftari na nauli.

Nikakaa nikajiuliza: hivi kwenye foleni nilikuwa nauza dagaa tu? Hapana. Kwenye foleni kulikuwa na kijiwe. Watu wanataniana Simba na Yanga, wanaulizana bei ya mchele Geita, wanaonjeshana. Dereva akija mara ya pili namwita kwa jina la gari lake. Foleni ilikuwa inawashika watu kwa lazima, na mimi nikadhani wananipenda sana!

Somo la kwanza ndilo hilo. Mtandaoni hakuna lazima. Mtu akichoka anabonyeza, ameondoka, na huwezi kumkimbilia na beseni. Lazima awe na sababu ya kurudi kesho.

GRUPU LA KWANZA LILIVYODORORA

Nilikuwa na namba za madereva, makonda, walimu wa ng'ambo ya Sengerema na kina mama wenye vibanda Geita. Nikafungua grupu la WhatsApp. Tukawa watu 96. Wiki ya kwanza salamu zilijaa. Wiki ya pili zikaja picha za maua na "asubuhi njema". Wiki ya tatu nikawa naongea peke yangu: bei, picha, bei, picha. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mwezi mzima waliponunua kupitia grupu walikuwa watu 9.

Mdogo wangu anasoma chuo hapo Mwanza. Akaniambia, "Dada, watu hawakai mahali pasipo na mchezo. Weka pointi." Nikamcheka. Mimi mtu mzima niwachezeshe wateja?

Jioni nikamsimulia shangazi yangu, mama wa zamani, hata simu ya kupangusa hana. Yeye hakucheka. Akasema, "Kwani Bagika na Bagalu walikuwa wanafanya nini?"

MCHEZO SI KITU KIGENI KWETU

Kwa wasiojua: Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, vina historia tangu karne ya 19. Waanzilishi wanaotajwa ni Ngika na Gumha, na mpaka leo ushindani wao upo. Ukifika Bujora, pale Kisesa, kwenye sherehe za Bulabo mwezi Juni, utawaona.

Angalia kanuni yao. Vikundi viwili vinacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Anayeshinda ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Basi! Watu wenyewe ndio alama. Ndiyo maana kila upande unabuni: huyu analeta chatu, yule analeta vituko, huyu anatunga wimbo wa kumsema mpinzani. Na mtazamaji naye si mtazamaji tu. Akihama kutoka upande huu kwenda ule, amepiga kura kwa miguu yake.

Na bugobogobo, ngoma ya majembe? Ni kulima kwa mdundo. Shamba ni lilelile na jua ni lilelile, lakini ngoma inafanya mtu asitake kuwa wa mwisho kwenye mstari.

Makampuni makubwa yanafanya hayohayo. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianza kuwahesabia abiria wake maili wanazosafiri ili warudi kwake. Kenya, Safaricom wana Bonga Points tangu 2007: unavyotumia laini ndivyo pointi zinavyoongezeka. Duolingo, programu ya kujifunza lugha ambayo ina hata somo la Kiswahili, inakuhesabia siku ulizosoma bila kuruka. Mtu ana siku 60, anaogopa kulala bila kusoma, hesabu isirudi sifuri.

Kwa hiyo kutia mchezo kwenye grupu maana yake ni kuweka vitu vitatu: alama zinazoonekana, kanuni zinazojulikana na wote, na mwisho unaojulikana siku yake. Ni rahisi kusema. Sasa sikia nilivyoharibu.

MAKOSA YANGU MATATU

Kosa la 1: Nilitoa pointi kwa kila ujumbe.
Nikatangaza: kila anayeandika kwenye grupu anapata pointi moja, mshindi wa wiki anapata pakiti ya dagaa. Weee! Usiku wa manane stika, asubuhi stika, mchana "hahaha" ishirini za mtu mmoja. Vijana watatu wakateka grupu. Jumatano, mama mmoja wa Geita aliyekuwa mteja wangu mkubwa, anayechukua pakiti kumi kumi kwa ajili ya kibanda chake, akaniandikia pembeni: "Mama, nakupenda ila simu yangu inalia kama mashine ya kusaga. Naondoka." Akaondoka kweli.

Hapo nikaelewa kitu ambacho nataka ukiandike kwa herufi kubwa: WATU WATAKUPA KILE UNACHOKIHESABU. Ukihesabu kelele, utapata kelele. Ukihesabu idadi ya watu walioingizwa, utajaziwa namba za watu wasiokula hata dagaa. Kabla hujatoa pointi jiulize: mtu akifanya jambo hili mara mia, biashara yangu na wanagrupu wengine watafaidika? Kama hapana, usilitolee pointi hata moja.

Kosa la 2: Nilitaka kuchezesha bahati nasibu.
Nikapanga hivi: nunua pakiti upate namba, Jumapili tunachomoa namba, mshindi anachukua debe. Nilikuwa nimeshaandika tangazo. Mdogo wangu akanizuia. Hapa Tanzania michezo ya kubahatisha ina sheria yake ya mwaka 2003 na ina msimamizi, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mtu akilipa kitu ili apate nafasi ya kushinda kwa bahati, hapo umeshaingia kwenye mambo ya watu wenye leseni. Kama unaitaka bahati nasibu, nenda kwanza kaulize Bodi. Mimi niliona bora mshindi apatikane kwa alichokifanya, mbele ya macho ya wote. Hata lawama hakuna. Kwenye kuchomoa namba, atakayekosa mara tatu atasema mshindi ni shemeji yako.

Kosa la 3: Nikaongeza zawadi ya hela.
Baada ya stika nikabadili: anayeleta picha nzuri ya chakula alichopika kwa dagaa wangu namrushia elfu mbili kwa simu. Wiki mbili picha zilikuja. Wiki ya tatu mtaji ukaniambia pumzika, nikaacha kurusha. Picha zikakata kabisa. Hata wale waliokuwa wanaweka picha bure kabla ya hela wakaacha!

Mdogo wangu akanieleza kwamba jambo hili lina utafiti wake. Mwaka 1973 Marekani, Mark Lepper na wenzake walichukua watoto wadogo waliopenda kuchora. Wengine wakaahidiwa tuzo wakichora, wengine hawakuahidiwa kitu. Siku zilizofuata, walioahidiwa tuzo ndio waliochora kwa muda mfupi zaidi walipoachwa wachague wenyewe. Kitu walichokipenda kilikuwa kimeshageuka kibarua. Nami wateja wangu niliwageuza vibarua, halafu nikashindwa kuwalipa.

JINSI NILIVYOPANGA UPYA

Sasa twende kwenye kazi. Hatua ni tano.

Hatua ya 1: Gawa timu, usishindanishe mtu mmoja mmoja.
Ukishindanisha mtu mmoja mmoja, wa juu ni walewale na wa chini wanakata tamaa mapema. Mimi nilirudi kwa Bagika na Bagalu. Nikaweka timu mbili: Timu Kigongo na Timu Busisi. Anayeishi upande wa Mwanza yuko Kigongo, wa upande wa Sengerema na Geita yuko Busisi. Walio Dodoma na Dar wakachagua wenyewe. Dakika kumi hazijapita, utani umeanza! Dereva mmoja akaandika, "Nyie wa Busisi tulikuwa tunawaletea kivuko, sasa tumewaletea daraja, bado mnataka na ushindi?" Grupu lililokuwa kimya mwezi mzima likaamka kwa sentensi moja.

Kila timu ikachagua nahodha. Faida ya timu ni kwamba hata asiyeandika kitu ana upande wa kushangilia.

Hatua ya 2: Toa pointi kwa mambo machache yenye faida.
Mimi ninayo manne tu, na yamebandikwa juu ya grupu:
- Picha ya chakula chako pamoja na maelezo ya ulivyopika: pointi 2. Moja tu kwa wiki kwa kila mtu.
- Kumjibu mwenzako swali lake, naye akakubali kwamba umemsaidia: pointi 2.
- Kumleta mteja mpya, na mteja huyo akanunua: pointi 5. Kumwingiza tu grupuni hakuna pointi.
- Kunionyesha kasoro ya bidhaa au huduma yangu, kwa picha au maelezo ya kueleweka: pointi 5.

Hilo la nne mdogo wangu aliligomea. "Dada, unawalipa watu wakuseme vibaya?" Nitalirudia, maana ndilo lililookoa biashara.

Hatua ya 3: Weka mwanzo na mwisho.
Mchezo usio na mwisho unachosha. Mimi nafuata mwezi, kama wavuvi. Dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku kwa taa, kipindi cha giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti dagaa vizuri na boti nyingi zinapumzika. Kwa hiyo mchezo wangu unaanza giza likiingia, unakwenda siku 14, unaisha. Mbalamwezi ikija tunapumzika wote, pointi zinarudi sifuri, na aliyeshindwa ana matumaini mapya. Wateja wa Dodoma ambao hawajawahi kuliona ziwa sasa wananiuliza, "Giza lini?" Wamejua lini mzigo ni mwingi na lini utaadimika. Kumbe mchezo umewafundisha hata kununua mapema.

Wewe unayeuza vitenge, fuata mwisho wa mwezi. Unayeuza madaftari, fuata mihula. Biashara yako ina majira yake, yatumie.

Hatua ya 4: Ubao uonekane na uaminike.
Sina programu yoyote. Nina daftari la mistari. Kila Jumatano na Jumapili saa mbili usiku napiga picha ukurasa wa alama, naweka grupuni. Nikikosea kuhesabu nakubali palepale. Nikichelewa kuweka wanaanza kuniita: "Mama Dagaa, ubao!" Siku hizo mbili ndizo pia siku ninazoweka bidhaa mpya, muda huohuo wa ubao, kwa sababu najua macho yote yapo. Siku nyingine naacha simu za watu zipumue.

Hatua ya 5: Zawadi iwe heshima kwanza, thamani baadaye.
Timu iliyoshinda inapata haki ya kuagiza mzigo wa kwanza wa giza linalofuata, siku moja kabla ya wenzao. Na nahodha wa timu iliyoshindwa anaweka picha ya bendera ya washindi kwenye stetasi yake siku tatu. Hiyo ya bendera hainigharimu hata shilingi, lakini ndiyo wanayoipigania! Mwisho, mwanatimu mmoja aliyesaidia wenzake zaidi, kwa kura ya grupu zima, anapewa pakiti ya dagaa.

Kuhusu gharama, weka kikomo. Mfano: nikiuza pakiti 60 kwa giza moja na kila pakiti ina faida ya shilingi 1,500, faida ni shilingi 90,000. Zawadi zangu zote hazizidi sehemu moja ya kumi ya hapo, yaani 9,000. Mauzo yakishuka, na zawadi inashuka. Usikope kwenye kikoba ukanunulie watu zawadi.

SIKU YA MCHANGA

Sasa lile la nne.

Giza la pili, Timu Busisi walikuwa nyuma kwa pointi 4, siku mbili kabla ya mwisho. Saa tatu usiku mwalimu mmoja wa Sengerema, mama mpole ambaye hakuwahi kuandika neno grupuni, akaweka picha. Sahani nyeupe, dagaa wangu wameoshwa, na chini ya sahani mchanga. Akaandika: "Samahani dada. Nimeosha maji matatu. Bado wana mchanga. Mwanangu amekataa kula."

Mwili ulinifa ganzi. Watu zaidi ya mia wanaona. Na tangazo langu la wiki ileile lilisema dagaa wangu hawana mchanga. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kufuta ile picha, maana admini anaweza kufuta. Ningeweza kusema simu imeleta shida.

Lakini kanuni nilikuwa nimeiandika mwenyewe, na imebandikwa juu. Nikaandika: "Mwalimu, ni kweli na samahani. Pointi 5 kwa Timu Busisi. Nakurudishia pesa yako leo, na kesho naenda kuwaona wanaoanika."

Dakika moja kimya. Kisha nahodha wa Kigongo akaandika, "Yaani tumefungwa na mchanga!" Grupu likacheka. Mimi nilikuwa nalia na kucheka.

Asubuhi nilipanda bodaboda mpaka mwaloni ninakochukulia mzigo. Dagaa walikuwa wameanikwa chini, juu ya mchanga, kama siku zote. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kwenda kuangalia, nilikuwa napokea gunia tu. Nikatafuta mama mwingine anayeanika kwenye chanja, dagaa wanakauka juu juu, upepo unapita chini. Bei yake ilikuwa juu kidogo. Nikapiga picha chanja, nikaweka grupuni na bei mpya, nikaeleza kwa nini imepanda.

Nilitegemea watu wakimbie. Mama wa Geita, yule aliyeondoka kwa sababu ya stika, aliletewa habari na mwenzake wa sokoni. Akaomba arudishwe. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa: "Wa chanja nipe kumi. Niko Timu gani?"

Fikiria kama nisingeweka pointi kwa kasoro. Yule mwalimu asingesema. Angemwaga dagaa, akanyamaza, asingenunua tena, na angewaambia walimu wenzake wote. Mimi ningekaa hapa Kigongo nikidhani daraja ndilo limenimaliza, kumbe ni mchanga. Watu wapole huwa hawalalamiki bure. Wanahitaji kupewa ruhusa, na mchezo ulimpa ruhusa: alikuwa anaisaidia timu yake, hakuwa anagombana na mimi.

PIMA KINACHOLETA UGALI

Usipime idadi ya ujumbe. Kila giza likiisha mimi naandika namba tatu tu:
1. Wangapi wamenunua?
2. Kati yao, wangapi walinunua na giza lililopita?
3. Wangapi wapya wameletwa na wanagrupu?

Mwezi ule wa kwanza walinunua 9. Giza la tatu la mchezo walinunua 31, na 17 kati yao walikuwa wanarudia. Si utajiri, ila binti alirudi shule na sabuni yake. Kama ujumbe unaongezeka na namba hizi tatu hazisogei, unaendesha kijiwe, huendeshi duka. Badilisha mambo unayoyatolea pointi.

TAHADHARI KABLA HUJAANZA

- Usimwingize mtu grupuni bila kumuuliza. Namba yake itaonekana na watu asiowajua. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria ni adabu. Picha ya mteja au ya mtoto wake usiitumie kwenye matangazo bila idhini.
- Weka saa za grupu. Usiku funga, mpangilio wa admini peke yake kuandika upo.
- Utani uwe na mpaka. Kabila, dini, siasa na maumbile ya mtu havimo. Niliwahi kuitoa timu pointi 10 kwa neno moja, na hawakurudia.
- Usibadilishe kanuni katikati ya mchezo. Ukigundua kanuni mbovu, ivumilie mpaka giza liishe, halafu irekebishe.
- Ndugu zako wasishinde. Mdogo wangu yuko Timu Kigongo, ila pointi zake hazihesabiwi. Analalamika mpaka leo.
- Ahadi ya zawadi itimize siku uliyosema. Ukichelewesha mara moja, mchezo umekufa.

Na tuseme ukweli: mchezo hauuzi bidhaa mbovu. Ngoma inaita watu uwanjani, lakini hakuna anayekaa kutazama mchezaji asiyejua kucheza. Dagaa wakiwa na mchanga, pointi zitasaidia mchanga uonekane mapema tu.

KAZI YA NYUMBANI

Leo usifungue mchezo. Leo chukua daftari uandike mambo mawili.

La kwanza: ni jambo gani moja ambalo mteja wako akilifanya, wewe unafaidika na wateja wenzake wanafaidika pia? Hilo ndilo litakalokuwa pointi yako ya kwanza.

La pili: ni kasoro gani unaiogopa isionekane grupuni? Nenda kaitazame kwa macho yako kabla mwalimu wa Sengerema hajaipiga picha.

Ukimaliza hayo, gawa timu, panga siku 14, anza. Kama una mwenzako ambaye foleni yake imeisha kama yangu ilivyoisha, iwe stendi imehamishwa au barabara imepita kwingine, mtumie somo hili.

Mimi sasa hivi nafunga pakiti. Giza linaingia keshokutwa, na Timu Busisi wanaongoza mbili kwa moja. Jioni yule konda alipita tena darajani, akapunga mkono kama kawaida. Ila safari hii alikuwa ameinua vidole viwili, kunikumbusha matokeo.